Mkono Unaochagua

Leo nazungumza kwa namna ya pekee na watu wa Vitshumbi, ninyi mnaosikiliza mkiwa kando ya ziwa, nyavu zimekunjwa, mkingoja saa ya mitumbwi kutoka. Mazungumzo ya leo yametoka kwenu, na kwenu nayarudisha.

Siku si nyingi zilizopita nilikutana na mama mmoja muuza samaki katika soko la Virunga, hapa Goma. Alikuwa amemaliza kuuza samaki wa chumvi aliowaleta kutoka Vitshumbi, na makuta yake ameyafunga kwenye pindo la kikwembe. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto na habari za njia, kisha akaniambia: "Papa, zamu yangu ya likelemba imefika. Sitaki kurudi mikono mitupu. Nataka ninunue vitu vya okazyo, nitandike bache mbele ya nyumba yangu, niuze. Niambie basi, nibebe vitu gani vitakavyotoka?"

Kabla ya kumjibu nilimuuliza: "Mama, asubuhi mitumbwi ikifika, wewe unachaguaje samaki?" Akajibu bila kufikiri: "Nafunua shavu nione kama matamvua ni mekundu. Natazama jicho, limetuna au limezama. Nabonyeza nyama kwa kidole nione kama inarudi. Halafu nanusa." Nikamwambia: "Basi mama, nusu ya kazi hii unaijua tayari."

Nusu ya pili ndiyo ninayotaka tuizungumze jioni hii, kwa sababu najua mama huyo hayuko peke yake. Wako wengi, akina mama kwa vijana, wenye akiba ndogo ya likelemba, ule mchango wa zamu, au ya chama, wanaotaka kuigeuza iwe biashara kwa njia ya okazyo, vitu vilivyokwisha kutumika. Na wengi huipoteza akiba hiyo wiki ya kwanza, si kwa uvivu, ila kwa kuchagua vibaya.

Tuanze na majina, maana majina ya biashara hii yana akili ndani yake. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaiita mitumba. Mtumba ni furushi, ni mzigo uliofungwa. Lakini vuka mpaka hapa karibu tu, Gisenyi au Kigali, utasikia nguo hizo hizo zikiitwa caguwa, na hilo si jina jingine bali ni kitenzi chetu wenyewe cha Kiswahili: chagua. Nenda Zambia, wanasema salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kuchambua ndani ya lundo hadi upate unachotaka. Kinshasa walikuwa wakisema tombola bwaka: inua, tupa, inua, tupa. Kwa hiyo wako walioiita biashara hii kwa jina la mzigo, na wako walioiita kwa jina la mkono. Mimi nasimama na hawa wa mkono. Faida haiko ndani ya furushi. Iko katika vidole vinavyochambua.

Nimelijua hilo kwa gharama. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana, nilikusanya pesa zangu zote nikanunua furushi moja zima la nguo. Mnajua jinsi lilivyo: limebanwa kwa mashine, limefungwa kwa mikanda ya plastiki, uzito wake mara nyingi kilo 45 au zaidi, na hakuna kulifungua kabla ya kulipa. Juu yake imeandikwa aina tu: mashati ya wanaume, nguo za watoto, makoti. Langu lilikuwa la makoti. Nililipakia garini, nikalifikisha Vitshumbi, nikakata mikanda mbele ya watu waliokuwa wamejaa kutazama. Yakatoka makoti ya nchi za theluji, mazito, yenye manyoya shingoni na pamba nene ndani. Yalikuwa mazuri. Yalikuwa karibu mapya. Na hakuna hata mmoja aliyeyahitaji. Jua la Vitshumbi lilikuwa linawaka, watu waliyagusa, wakayasifu, wakaenda zao. Nilichukua miezi kuyamaliza, na mengi niliyauzia Kanyabayonga, kule juu ya mlima kwenye baridi, kwa bei iliyonirudishia nusu tu ya mtaji wangu.

Sikuwa nimenunua vitu vibaya. Nilikuwa nimenunua vitu vya watu wengine. Hapo ndipo ninapotaka kuwaweka jioni hii: kitu kinachouzika si kile kizuri machoni pako, wala si kile cha bei rahisi. Ni kile ambacho mnunuzi wako atakihitaji kabla ya Jumapili ijayo. Kwa hiyo kabla ya kutazama kitu, mtazame mtu.

Haya, tumtazame mtu wa Vitshumbi. Kijiji hiki kiko ncha ya kusini ya ziwa Edward, ndani kabisa ya hifadhi ya Virunga, ile hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925. Pamoja na Kyavinyonge na Nyakakoma, ni miongoni mwa vijiji vya wavuvi vilivyoruhusiwa kuwepo kando ya ziwa hilo. Sasa, sheria ya hifadhi hairuhusu kulima. Hebu lifikirieni jambo hilo kwa macho ya mfanyabiashara. Unga unatoka nje. Maharage yanatoka nje. Ndizi zinatoka nje. Katika vijiji vingine vya Kivu, mtu akikosa pesa anaenda shambani kwake anachimba muhogo. Vitshumbi shamba ni ziwa. Mtu akipata samaki, anapata pesa siku hiyo hiyo. Akikosa samaki, hana kitu. Ni soko la watu wanaonunua kila kitu, na wanaonunua kwa makuta ya leo.

Kutokana na hali hiyo, mambo mawili yanajieleza yenyewe. La kwanza, bei ya vitu vyako iwe ile ambayo mtu anaweza kuilipa kutokana na samaki wa siku moja au mbili. Kitu cha kungojewa mwezi mzima kitakaa juu ya bache hadi kipauke. La pili, kitu kinachomsaidia mtu kupata samaki, kuhifadhi samaki au kuuza samaki kitatoka kabla ya kitu cha kupamba nyumba. Kitambaa cha meza ni kizuri, lakini bidoni inatangulia.

Na tuseme juu ya hali ya hewa, kwa sababu ndiyo iliyoniadhibu. Goma tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu na mlima wa moto, na jioni tunavaa sweta. Ziwa Edward liko kwenye mita 900 na kitu. Mchana Vitshumbi ni joto. Lakini mvuvi hafanyi kazi mchana peke yake. Anatoka jioni, anakesha juu ya maji, na upepo wa ziwa saa nane za usiku hauna huruma. Huyo hataki koti la manyoya, kwa kuwa likilowa linamlemea kama jiwe. Anataka jaketi jepesi la nailoni lisiloingiza maji, lenye kofia na zipu inayofunga hadi shingoni. Jaketi la namna hiyo, hata likiwa na rangi isiyopendeza, halilali mara mbili juu ya bache.

Basi ukifika kwa wanaofungua mafurushi hapa Goma, hivi ndivyo unavyolipima jaketi kama unavyopima samaki. Shavu lake ni zipu: ivute juu na chini mara tatu, isikwame. Jicho lake ni bitana: ligeuze nje ndani, uliinue kuelekea mwanga, utaona matundu na michaniko ambayo upande wa nje imefichika. Nyama yake ni kitambaa chenyewe: kivute kwa vidole viwili kwenye kwapa na kiwikoni, mahali kinapochoka kwanza. Kisha nusa. Harufu ya stoo huisha kwa sabuni na jua. Harufu ya ukungu hubaki, na ukungu ukishaingia kwenye mpira wa ndani ya jaketi, mpira huo utabanduka wiki ya pili.

Mtaniuliza: kwa nini nisinunue furushi, kwani kipande kimoja kimoja ni ghali zaidi? Ndiyo, ni ghali zaidi. Lakini mwenye mtaji mdogo hawezi kubeba hasara ya vipande vibovu vinavyokaa chini ya furushi. Katika soko la Gikomba kule Nairobi wana majina ya ngazi hizi: nguo za kwanza, zile zinazong'aa, wanaziita kamera, na zile za mwisho zinazobaki chini wanaziita fagia. Anayenunua furushi amelipia kamera na fagia kwa pamoja. Anayechagua kipande kimoja kimoja amelipia anachokiona. Kwa hiyo mama yangu, jua siku na saa mafurushi yanapofunguliwa, ufike mapema, uchague vipande thelathini unavyovijua kwa majina kuliko mia tatu usivyovijua. Ukishazoea, ukishajua soko lako, hapo ungana na wenzako watatu wanne mnunue furushi mgawane. Si kabla.

Tuvipitie sasa vitu vyenyewe, na mwenye kalamu aandike.

Nguo za watoto zinatangulia. Mtu mzima anaweza kuvaa suruali ileile miaka mitano; mtoto anaikimbia nguo kila mwaka. Chagua zenye pindo refu linaloweza kuteremshwa, na zenye mpira kiunoni kuliko vifungo. Na hapa kalenda inazungumza. Shule zetu nchini Kongo zinafungua mwezi wa tisa, na sare yetu ni ileile kutoka Goma hadi Kinshasa: juu nyeupe, chini bluu. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa saba, kila shati jeupe la mtoto na kila sketi au suruali ya bluu iliyokolea unayoikuta ndani ya lundo, iweke kando. Usiiuze. Ingoje katikati ya mwezi wa nane. Wakati huo mzazi hatakuuliza mtindo, atakuuliza namba tu. Begi la shule nalo ni hivyo hivyo: jaribu mikanda yake kwa kulining'iniza likiwa na kitu kizito ndani, maana begi hufia begani.

Kisha ikija Noeli na Bonane, mambo yanageuka. Hapo mzazi hatafuti tena nguo ya kudumu. Anatafuta nguo itakayomfanya mtoto wake atembee kifua mbele siku ya mwaka mpya. Gauni lenye rangi, kiatu kinachong'aa, shati lenye kola. Yaleyale uliyoyaacha mwezi wa nane, mwezi wa kumi na mbili uyatafute. Anayeuza vitu vilevile mwaka mzima anapigana na kalenda, na kalenda haishindwi.

Viatu. Vitshumbi ardhi ina mchanga na maji, na mtu anaingia majini kila siku. Buti za mpira zinatoka sana, lakini zijaze maji kabla ya kununua, uone kama zinavuja. Viatu vya michezo vikunje katikati: ukiona mstari mweupe wa nyufa kwenye soli, gundi imekauka, vitafunguka mdomo. Na usichukue kiatu kimoja kimoja kwa matumaini kwamba cha pili kitapatikana.

Vyombo. Sufuria nzito za aluminiamu, termosi, ndoo zenye mfuniko, bidoni. Bidoni ichunguze kwa pua, uulize ilikuwa na nini. Iliyobeba mafuta ya motokari au dawa ya kuua wadudu haitakuja kubeba maji ya kunywa hata ukiiosha mara kumi, na katika vijiji vyetu ambavyo kipindupindu kinavijua kwa majina, chombo cha maji si jambo la kubahatisha. Termosi ijaze maji ya moto, urudi baada ya saa mbili. Sufuria iinue kuelekea jua. Tundu dogo kama la sindano utaliona likimeta.

Vitu vya umeme navyo vinadanganya wengi. Pasi ya umeme ni mali hapa Goma, penye nyaya. Ukiipeleka mahali nyaya hazijafika umebeba chuma. Huko peleka pasi ya mkaa, taa za sola, redio ya betri. Na usiende kununua redio bila betri zako mfukoni. Iwashe, ongeza sauti, geuza kituo, itikise. Muuzaji akisema "inafanya kazi, betri tu hazipo," mshukuru uende kwa mwingine.

Na sasa kitu ambacho wengi hawakifikirii: friji iliyokufa. Mota yake imekufa, gesi imekwisha, fundi ameshindwa. Lakini sanduku lenyewe, kama kuta ni nzima na mpira wa mlango bado unabana, ni chombo cha kuwekea samaki na barafu. Kwa mama muuza samaki friji iliyokufa inaweza kuwa na thamani kuliko redio iliyo hai. Weka karatasi mlangoni, ufunge, uivute: ikitoka kirahisi, mpira umechoka. Ikikataa, beba. Lakini jueni kwamba kutoka Goma hadi Vitshumbi ni zaidi ya kilomita 100, unapita Rutshuru na Kiwanja, unashuka bonde la Rwindi, na kila kilo ina bei yake garini na kila kizuizi njiani kina macho. Kitu kikubwa usikibebe kwa kubahatisha. Kibebe kama mnunuzi wake amekwisha kukuagiza.

Wasikilizaji, nimesema ya kuchagua. Niseme sasa ya kukataa, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini zaidi.

Kuna jaketi la kuokoa maisha, lile wengi wetu tunaloliita jile. Kwa wavuvi ni kitu cha thamani kuu, na la okazyo linapatikana. Lakini povu lake likizeeka linakuwa gumu, linakunywa maji, na kitu kilichoshonwa kimwokoe mtu kinamvuta chini. Usiuze jile ambalo hukulijaribu mwenyewe. Lifunge jiwe, litupe majini, ulisubiri saa nzima. Likizama, lichane kwa kisu mbele ya watu, lisirudi sokoni kwa mkono wa mwingine. Hasara yake ni ya kwako na ni ndogo. Mtu aliyezama harudi.

Kuna nguo za rangi za kijeshi. Vijana wanazipenda, na ndani ya mafurushi zimo. Ziache. Katika nchi yetu, katika miaka hii, kijana mwenye suruali ya namna hiyo anaweza kusimamishwa njiani akaulizwa maswali ambayo hana majibu yake. Pesa utakayopata haina uzito wa machozi ya mama yake.

Kuna nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa. Tanzania, shirika lao la viwango, TBS, limepiga marufuku kuuzwa kwake kwa ajili ya afya. Sisi tusingoje tukatazwe.

Kuna vyandarua vya mbu. Chandarua kilichotumika, ukikiuza kando ya ziwa, kuna atakayekinunua si kwa kulalia bali kwa kuvulia, na matundu yake madogo yanabeba hata vifaranga vya samaki. Anayeuza nyavu za namna hiyo anauza samaki wa mwaka kesho kwa bei ya leo. Watu wa Vitshumbi mnalijua hilo kuliko mimi.

Na kuna kitu kizito kuliko vyote, nacho ni kitu cha kuporwa. Tumeishi vita kwa miaka mingi. Watu wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena, na nyuma yao milango imevunjwa. Cherehani, magodoro, sufuria, mabati, sola, vimesafiri kwenye migongo isiyokuwa ya wenyewe. Vitu hivyo huja sokoni, na huja kwa bei ya chini sana, na muuzaji wake ana haraka. Ukiona bei imeshuka kupita akili, uliza maswali matatu: kilikuwa cha nani? Kimetoka wapi? Kwa nini kinauzwa? Mwenye mali halali hujibu bila kukasirika. Atakueleza hata kona ya nyumba kilipokuwa kimewekwa. Asiyeweza kujibu, mwachie kitu chake. Fikiria umetandika bache lako, anakuja mama aliyerudi jana kutoka ukimbizini, anainama, anaona sufuria yenye mkwaruzo aliouweka yeye mwenyewe. Utamwambia nini? Ni bei gani utakayomtajia?

Lakini tutofautishe. Familia iliyokimbia vita ikiuza kitu chake ili watoto wale, hiyo si aibu wala wizi. Nunua kwao, lakini usiwakandamize kwa sababu wana njaa. Bei ya haki iko hata kwa mtu asiye na nguvu ya kubishana.

Najua kuna swali jingine kubwa. Wapo wanaosema mitumba yote ikomeshwe, kwa kuwa inaua viwanda vyetu. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuiondoa hatua kwa hatua, na Rwanda, jirani yetu, ikapandisha ushuru mwaka huohuo kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ilikasirika, na mwaka 2018 ikasimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo za Rwanda. Nchi yetu nayo iliingia katika jumuiya hiyo mwaka 2022. Hoja ya viwanda ni ya kweli, na natamani siku moja mtoto wa Vitshumbi avae pamba iliyofumwa hapa Kongo. Hadi siku hiyo ifike, mama mwenye akiba ya likelemba ana njia moja ya kuitumikia nchi ndani ya biashara hii: apitishe nguo kwa fundi wa cherehani wa kijijini kabla ya kuiuza. Zipu iliyokufa, pindo lililofumuka, suruali ya mzee inayoweza kukatwa ikawa kaptura mbili za shule. Hapo nguo ya ugenini inazaa kazi ya nyumbani, na bei yake inapanda.

Sasa umefika, unatandika bache. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini kizuri kilichofunikwa na lundo hakimuiti mtu. Fua. Piga pasi. Tundika juu ya kamba vipande vyako kumi bora mahali anapoviona anayetoka ziwani. Vilivyobaki vipange kwa namba za miili, si kwa rangi, kwa maana mama mwenye watoto watano anatafuta namba. Lundo la bei ndogo liweke mwisho, ili anayelifikia awe amepita mbele ya vyote.

Uza siku samaki walipopatikana. Usitandike siku ambayo mitumbwi imerudi mitupu. Utasikia sifa tu. Taja bei unayoiamini, uache nafasi ya kushuka kidogo, na mwisho toa matabishi, hata ikiwa ni soksi za mtoto. Dola zitazame kabla ya kupokea, kwa sababu noti iliyochanika kidogo tu itakataliwa ukirudi Goma kununua. Mkopo utoe kwa watu utakaowaandika, na kwa vitu usivyoogopa kuvipoteza. Mali bila daftari huisha bila habari. Andika kila kilichotoka na siku kilipotoka, kwa maana baada ya miezi mitatu daftari hilo litakuambia cha kununua vizuri kuliko mimi ninavyokuambia leo.

Na kama kitu kina kasoro, iseme wewe kwanza. "Hii redio kituo kimoja hakishiki." "Hii suruali imeshonwa hapa." Utapunguza bei kidogo, na utapata mtu atakayerudi.

Jana yule mama alinipigia simu kutoka Vitshumbi. Alikuwa amebeba majaketi kumi na mawili ya nailoni, mashati meupe ya watoto, termosi nne alizozijaribu kwa maji ya moto, na jile moja alilolitupa ziwani mbele ya wavuvi, likaelea. Akaniambia jile hilo ndilo lililotoka la kwanza, na waliouliza la pili ni wengi. Lakini alichonipigia kunieleza ni jambo jingine. Alisema: "Papa, sokoni nilikuwa nauza samaki kwa watu nisiowajua. Hapa kila anayenunua anapita mbele ya mlango wangu asubuhi. Jaketi likichanika, nitaliona."

Ninyi mnaotaka kutandika mbele ya nyumba zenu, chagueni mkilikumbuka neno lake. Kila kitu utakachokiuza kitapita tena mlangoni kwako, kikiwa mgongoni kwa jirani.

Wavuvi wa Vitshumbi, Mungu awarudishe salama.